Nani Aliwapima Akili Goblini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja jioni hapa Dodoma, mbele ya vijana wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, wazazi wao na walimu wenzangu wachache. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichopunguza ni vicheko, na zile dakika umeme ulipokatika.

Ndugu mwenyekiti, wazazi mliofika, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojibanza nyuma kana kwamba mko darasani: mbukwenyi!

Asanteni. Mmeitikia vizuri, na ni bahati yangu, kwa sababu Kigogo changu kinaishia hapo hapo kwenye salamu. Mimi ni Mhehe. Nina miaka 14 Dodoma, nafundisha historia, nimejenga hapa, watoto wangu wamezaliwa hapa, lakini mama anayeniuzia karanga kila nikipita huniuliza, "Mhehe, leo umekula mbwa wa nani?" Huo utani uwekeni kiporo, tutaupasha baadaye.

Nianze na wazazi, maana najua wengine mmekuja kuhakikisha kama ni kweli watoto wenu wanaita majini kwenye baraza langu. Haiko hivyo. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na hapa kwetu msimulizi ni mimi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika, na ng'ambo kuna moshi." Wachezaji wanaeleza watafanya nini. Jambo likiwa la kubahatisha, inarushwa dadu yenye pande 20. Mwanzoni hatukuwa na dadu, tulitumia vikaratasi 20 ndani ya kofia. Majini hakuna. Kuna soda, kuna karanga, na kuna ugomvi mwingi wa kujumlisha, ambao kama mwalimu naufurahia.

Mchezo uliozaa michezo hii yote unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mhusika ana karatasi yake, na kwenye karatasi kuna namba sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Juu ya namba hizo, chini ya jina, kuna kisanduku kimoja. Hicho kisanduku ndicho kilichonileta hapa leo.

Tulipoanza tuliamua karatasi zetu tuziandike kwa Kiswahili. Nguvu ilikuwa rahisi. Haiba tuliibishania nusu saa. Tukafika kwenye kile kisanduku. Vitabu vya Kiingereza, kwa karibu miaka hamsini, viliandika pale neno lile lile ambalo Wazungu hulitumia kugawa watu kwa rangi na mbari. Humo mchezaji anajaza kama mhusika wake ni binadamu, au ni elfu, au ni orki, yule kiumbe wa vita mwenye sura ya kutisha, au kiumbe mwingine. Kijana aliyekuwa na kalamu hakusita hata kidogo. Akaandika kwa herufi kubwa: KABILA.

Hakuna aliyepinga. Mimi mwalimu wa historia nilikuwa nimekaa pale pale nabangua karanga, na sikupinga. Mimi ninayewafundisha watoto wenu kwamba sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya 1967. Nchi ilikifuta kisanduku kile, sisi tukakirudisha kwa ajili ya viumbe wa kubuni.

Majina yenyewe nayo yalitupa kazi. Wale warembo wenye masikio yaliyochongoka tuliwaita elfu, na tangu siku hiyo haipiti Jumamosi bila mtu kuuliza, "Elfu ngapi?" Wale wafupi wenye ndevu wanaochimba dhahabu chini ya milima tuliwaita mbilikimo, kwa kuwa ndilo neno la kamusi. Lilidumu wiki tatu. Mbilikimo ni jina ambalo watu halisi wa misitu ya Kongo wamebandikwa, na mtaani ni tusi kwa mtu yeyote mfupi, na mezani tulikuwa na kijana mfupi. Siku hizi tunawaita wanaapolo. Kijana mmoja aliyewahi kuishi Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, alisikiliza sifa zao zote: wanashinda shimoni, wanapenda vito, wanagombania mpaka wa shimo, wakipata wanakunywa. Akasema, "Mwalimu, hawa nawajua." Na elfu, mwenye elimu ya miaka mia saba na asiyeacha kukukumbusha kwamba anayo? Bila shaka mmeshamtambua. Ni nshomile mwenye masikio marefu.

Mmecheka. Na mimi nimecheka. Lakini tazameni nilichofanya sasa hivi: ndani ya dakika moja nimewachukua Wahaya wote, wasomi na wasiosoma, wavuvi wa ziwani na wauza ndizi, nikawatia kwenye kiumbe mmoja mwenye majivuno. Sikuhitaji kitabu cha Marekani. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu siku zote.

Sasa niwaambie kosa langu.

Ilikuwa kiangazi, saa kumi na moja jioni, ule upepo wetu wa vumbi umeanza. Wahusika walikuwa safarini kwenda mji wa mfalme, na mimi nilitaka kitu cha kuwachekesha kabla ya vita. Nikaweka goblini watatu kando ya barabara. Goblini ni viumbe wadogo, wachafu, wajanja wa kijinga, ndivyo wanavyochorwa. Wangu walikuwa wamekaa chini na kibakuli. Msimulizi anayejipenda lazima awape viumbe wake sauti. Nikakunja shingo, nikanyoosha mkono, nikaivuta lafudhi ya Kigogo kadiri nilivyoweza: "Mbukwa, bosi. Nisaidie mia mbili tu, bosi."

Meza ililipuka kwa kicheko.

Kulikuwa na binti mmoja, kwao Bahi, huku huku Ugogo. Sekunde ya kwanza alicheka na wenzake, halafu akaacha. Akavivuta vifuniko vya soda vilivyokuwa mezani, akaanza kuvipanga mstari, kimoja kimoja, vyote meno juu. Ilipofika zamu yake nikamuuliza, "Wewe unafanya nini?" Akasema, "Mhusika wangu amelala." Tukazunguka meza, zamu ikarudi kwake. "Bado amelala." Mhusika wake alilala vita nzima. Na mimi, badala ya kuelewa, nikamwambia arushe dadu tuone kama kelele za panga zimemwamsha. Akarusha. Ikaja 19. Akaitazama, akasema, "Amesikia. Ameamua kulala."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile ya pili alifika kabla ya wenzake, nikiwa bado nafuta vumbi mezani. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. "Naomba nione karatasi ya wale goblini."

Nikampa. Akaisoma kwa kidole. Nguvu 8. Wepesi 14. Akili 7. Kwa wasiojua, mwanakijiji wa kawaida kabisa, asiye na sifa hata moja, kwenye mchezo huu huandikiwa 10 kila mahali. Kidole kikasimama kwenye ile 7.

"Nani aliwapima?"

Nikafungua mdomo kumwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Ni jibu zuri, nalitumia sana. Lakini tulikuwa na kitabu pale mezani, akakifungua. Kitabu cha viumbe cha 2014 kinawapa goblini akili 10, sawasawa na binadamu wa kawaida. Ile 7 kilipewa kiumbe mwingine, orki. Kwa goblini wangu niliiandika kwa mkono wangu, bila kutazama popote, kwa sababu nilishawapa kibakuli na lafudhi, na namba ikaja yenyewe kuwafuata.

Nimekaa na hilo swali lake muda mrefu, na limenirudisha kwenye vitabu vya zamani vya mchezo huu. Humo kuna mambo ya ajabu. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kina jedwali zima linaloonyesha kila mbari inavyoitazama nyingine: hawa wanapendana, hawa wanavumiliana, hawa wanachukiana. Chuki ya watu na watu imeandikwa kwa herufi moja ndani ya kisanduku, kama alama ya mtihani. Kitabu hicho hicho kilimruhusu binadamu kupanda ngazi katika fani nyingi, yaani kazi za wahusika, bila kizuizi, lakini wengine waligota njiani. Kuna fani moja tu ambayo elfu, wale wafupi wa milimani na wenzao waliruhusiwa wote kupanda bila kizuizi, nayo ni wizi. Nusu-orki, mtoto wa orki na binadamu, hata wizi aliwekewa dari. Yeye aliachiwa uuaji wa kukodiwa. Toleo la 2000 liliweka hesabu hadharani: nusu-orki anaongezwa 2 za nguvu, anapunguzwa 2 za akili na 2 za haiba. Kabla hajazaliwa. Kabla hajakanyaga shule.

Orki mwenyewe hakuanzia hapo. Mchezo ulimtoa kwenye riwaya za J.R.R. Tolkien, na Tolkien katika barua ya mwaka 1958 alieleza sura yao: pua bapa, midomo mipana, macho ya mshazari, mfano ulioharibika wa Wamongolia wale ambao, kwa macho ya Wazungu, hawapendezi. Nimtendee haki mzee huyo. Alichukia siasa za ubaguzi za Hitler na alisema hivyo wazi, na kama Mkristo Mkatoliki lilimsumbua wazo la kuumba watu wasioweza kuokoka. Lakini alipotaka sura ya kutisha, mkono ulikwenda Asia kuitafuta. Wangu ulikwenda Bahi, kilomita zisizofika hata mia.

Watengenezaji wa mchezo hawajakaa kimya. Juni 2020, Marekani ikiwa barabarani baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, kampuni ilitoa tamko kwamba orki na wale elfu weusi wanaoishi chini ya ardhi walikuwa wamechorwa kwa namna inayofanana mno na jinsi watu halisi walivyodhalilishwa. Namba za kupunguza akili zikafutwa. Miaka miwili baadaye, Agosti 2022, kampuni hiyo hiyo ikatoa viumbe wanaofanana na nyani, na historia yao ni hii: mchawi aliwakamata, akawanywesha dawa ya kuwapa akili, akapanga kuwauza kama jeshi la watumwa, wakaja wanafunzi wake kuwakomboa. Hebu isomeni hiyo mkiwa mmesimama hapa, kwenye njia ya misafara iliyopeleka watumwa Bagamoyo. Hatukuhitaji profesa wa kutueleza tatizo liko wapi. Mwezi uliofuata kampuni ikaomba radhi na kuyafuta maelezo hayo.

Toleo la 2024 limeondoa kabisa lile neno la mbari, limeweka neno la wanabiolojia, spishi. Nyongeza za namba sasa zinatokana na maisha aliyoishi mhusika, kama alikuwa mkulima, askari au mwandishi. Hilo la pili nimelipenda mno. Hilo la kwanza sijashawishika. Ukiniambia wewe na mimi ni spishi mbili, umetutenganisha zaidi kuliko uliponiita kabila. Na nusu-orki naye tumweke wapi? Mtoto wa spishi mbili tunayemjua sisi ni nyumbu, yule wa punda na farasi, na nyumbu hazai.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo mimi nilipopata jibu la swali la yule binti.

Mwaka 1857 walipita hapa Burton na Speke. Mwaka 1871 akapita Stanley akimtafuta Livingstone. Misafara ilikuwa inatoka pwani, inafika Mpwapwa, halafu inaingia nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Hakuna maji ya kunywa. Wapagazi wanatokea upande wa pili ndimi zimekauka, na pale wanapotokea, maji yana wenyewe. Kuna visima, visima vina watu, watu wana mtemi, na mtemi anataka hongo. Siyo hongo ya siku hizi ya kupeana viganjani. Ile ilikuwa ushuru wa wazi, unaolipwa kwa doti za kitambaa, shanga na nyaya za shaba, na mkibishana mnakaa hapo siku mbili tatu, mkinywa kwa ruhusa. Wageni wale waliandika kwa uchungu mkubwa. Ugogo ndipo mifuko yao ilipochanika. Ukiwasoma utadhani Mgogo ni mtoza ushuru aliyezaliwa na upinde mkononi, mjeuri, mwenye kiburi, asiyemwacha mtu apite bure.

Tuseme msimulizi wa mwaka 1871 anamjazia Mgogo karatasi. Haiba: juu. Uwezo wa kutisha: juu sana. Udhaifu: kiburi na tamaa.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani likachukua ng'ombe, likachukua nafaka, likachukua vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia, nao wakachukua. Mvua zikagoma. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Inakadiriwa ilikufa watu 30,000 kati ya 150,000 hivi waliokuwa wakiishi Ugogo. Mmoja katika kila watano. Kidato cha pili nina darasa la wanafunzi 60. Siku nilipofundisha somo hili niliwasimamisha 12 nikawaomba watoke nje wasimame kwenye mwembe, halafu nikaendelea kufundisha. Sikuweza kumaliza kipindi.

Watu waliobaki walitembea. Walikwenda popote palipokuwa na chakula, wakaomba, kwa sababu walikuwa na njaa. Na njaa haikuwa ya mwisho, nchi hii ya kati mvua zake mnazijua. Ndani ya miaka hamsini baada ya Stanley, karatasi ya pili ikaanza kuandikwa, na hiyo ndiyo tuliyorithi sisi. Mgogo ni ombaomba. Iko kwenye vichekesho, iko kwenye daladala za Dar es Salaam, na jioni ile ilikuwa kwenye mkono wangu niliounyoosha.

Watu wale wale! Visima vile vile. Babu anaitwa mnyang'anyi kwa sababu alitoza maji, mjukuu anaitwa ombaomba kwa sababu alinyang'anywa ng'ombe. Na kote huko anayeandika karatasi ni mpita njia.

Ndiyo maana ile namba inanisumbua hata ikiwa ya kiumbe asiyekuwapo. Siyo kwamba goblini ataumia. Ni kwamba kisanduku kinamfundisha mchezaji kuona kilichowapata watu na kukisoma kana kwamba ndivyo walivyozaliwa. Mtunya hauenei kwenye kisanduku. Kina nafasi ya tarakimu mbili. Waingereza walipoendesha nchi hii walikuwa na tabia hiyo hiyo ya kupanga watu: hawa wapagazi wa asili, hawa askari wa asili, hawa wavivu. Mnyamwezi alibeba mizigo kwa sababu alikuwa mfanyabiashara wa masafa marefu, lakini kwenye vitabu vyao akawa mtu mwenye mabega.

Na hao Wagogo wenyewe, ukiwauliza wazee, koo nyingi zinakuambia zilitoka kwingine. Nyingine zinasema zilitoka Uhehe. Kwa hiyo huenda yule goblini niliyemnyooshea mkono ni binamu yangu.

Sasa ule utani wetu wa kiporo. Nilipobanwa na yule binti, utetezi wangu wa kwanza ulikuwa huo: mimi ni Mhehe, ninyi ni watani zangu, nilikuwa natania. Mwalimu mzima. Lakini nikajaribu kuupima huo utetezi na nikaona hausimami. Mama wa karanga ananiambia nimekula mbwa. Mimi namwambia namsubiri wa kwake anenepe. Tumetoshana, ngoma droo. Siku nikifiwa atakuja msibani, atajilaza barabarani jeneza lisipite mpaka alipwe, atavaa koti la marehemu, na sisi wafiwa tutacheka huku tunalia. Mtani ana mdomo, ana haki, na ana kazi ya kunizika. Goblini wangu hakuwa na chochote katika hivyo. Sauti yake nilikuwa nayo mimi, jibu lake nilikuwa nalo mimi, dadu zake nilikuwa nazirusha mimi. Na binti wa Bahi angejibu kama nani? Mhusika wake kwenye karatasi alikuwa elfu. Ndiyo maana alimlaza.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, yuko hapa, simtaji, ana upanga mrefu kuliko wote, aliniambia maneno ya ukweli: "Mwalimu, sisi tunakuja kuua goblini, hatukuja kwenye semina ya usuluhishi." Namwelewa. Na sikubaliani na wanaotaka kila kiumbe awe na huzuni yake ya utotoni. Hadithi zetu zina zimwi, na zimwi ni la kuogopwa. Linameza watu, linapasuliwa, watu wanatoka, tunaimba, tunalala. Hakuna bibi aliyewahi kuulizwa wazazi wa zimwi wanaishi wapi. Majoka yabaki. Mifupa inayotembea ibaki, tuivunje.

Lakini zimwi halina kijiji. Orki wanacho. Kitabu kimoja cha safari kilichokuwa ndani ya sanduku la wanaoanza, miaka ile ya 1979 na kuendelea, kina mapango ya goblini na orki, na kwa kila pango mwandishi amehesabu wapiganaji, kisha wanawake, kisha watoto. Idadi kamili. Anasema hawapigani. Halafu hasemi mchezaji awafanye nini. Hapo ndipo mimi ninapokwama. Ukishampa kiumbe lugha, mtemi, mama na mtoto mgongoni, umeshamtoa kwenye uzimwi, na huwezi kumrudisha kwa sababu tu unataka kupiga panga.

Tulichobadilisha sisi ni kidogo. Neno KABILA tulilikata kwa kalamu nyekundu, tukaandika "Kwao ni wapi?" Namba tukazihamishia kwenye malezi na kazi. Ilichukua robo saa na mchezo haukufa.

Kilichonifurahisha kilitokea mwezi uliopita. Safari niliyokuwa nasoma ilikuwa na nyika kavu, wahusika hawana maji siku ya pili, na mbele kuna kisima kinachoshikiliwa na orki. Kitabu kinasema ni wanyang'anyi wanaovizia wasafiri. Nikasoma hivyo hivyo kwa sauti. Kijana wa upanga akasimama kabisa. Yule binti akauliza, "Mwalimu, hicho kisima alichimba nani?"

Kitabu hakisemi. Nikafikiri, nikasema, "Wao."

"Basi hao siyo wanyang'anyi. Wana kisima."

Meza ikanyamaza. Halafu mwanaapolo wetu, yule wa Mirerani, akauliza kwa sauti ya mtu wa biashara, "Wanataka doti ngapi?"

Hapo nikapata shida ya sauti. Mzee wa orki ametoka kwenye kivuli, lazima aseme, na mimi sauti zote nilizokuwa nazo niliziogopa. Mwishowe nikamsemesha kwa sauti yangu, hii hii, ya Kihehe. Akataka doti 10. Wakampa 3. Akakaa chini, akaanza kunoa mkuki bila haraka. Binti akarusha dadu ya kumshawishi. Ikaja 4. Wakalala hapo siku mbili za mchezo wakinywa kwa ruhusa, kikombe kwa kikombe, na kijana wa upanga akalalamika muda wote. Siku ya tatu mzee akamtazama, akauliza, "Huyu mwenye chuma kirefu, mbona tangu afike hajanisalimia?"

Kijana akanitazama mimi. Nikamtazama yeye. Akaweka upanga chini, maana yake aliweka kalamu, akasema, "Shikamoo, mzee."

Bei ikashuka mpaka 6. Wamelipa, wamejaza vibuyu, wamebakiwa na doti 4, na kwa ramani niliyonayo mbele kuna visima vitatu. Tunaendelea Jumamosi saa tisa alasiri, pale pale barazani. Wazazi mnakaribishwa, viti vipo. Anayetaka kucheza aje na kalamu ya risasi.